Noti ya Jani Kwenye Kikapu cha Sadaka

Bahasha za zaka ndizo zilizoniponza. Kanisa letu la Githongo lilikuwa likigawa bahasha ndogo za kaki kila mwanzo wa mwaka. Mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti, Jumapili nyingi zilinikuta barabarani kati ya Meru na Embu, na kwa hiyo nilibaki na nyingi tupu kwenye droo. Karatasi yake ilikuwa kavu na laini, na ukubwa wake ulikuwa kama umepimiwa noti zangu za Marekani ya kale. Nikaanza kuzihifadhi humo, kila noti na bahasha yake.

Watu wakisikia kwamba mtu wa Meru anakusanya pesa za karatasi za Marekani, wanadhani anaficha dola. Zangu zilikuwa za kabla ya dola. Zilipochapishwa, Marekani haikuwa nchi bado. Zilikuwa koloni za Mwingereza zilizopangana kando ya bahari, kila moja ikijichapishia pesa zake, na pesa hizo ziliitwa shilingi na peni. Nilipojua jambo hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mkoloni alikuwa mmoja, na shilingi ilitutembelea wote.

Zilinifikia kwa njia ya kubadilishana. Mwalimu mmoja Mmarekani aliyenifundisha sekondari, baada ya kurudi kwao, aliniandikia kwamba angependa kupata noti za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye kichwa cha mfalme. Akasema kila nitakayompelekea, atanirudishia ya kwao. Kazi yangu ilinipeleka kila mahali, nami nikawa na mazoea. Nikimaliza kuuliza habari za mvua, mifugo na barabara, niliongeza swali moja: hapa kuna mtu aliyebaki na pesa za mkoloni?

Walikuwapo, hasa kule chini kwenye ukame. Pesa mpya zilipotoka baada ya uhuru, watu walipewa muda wa kubadilisha zile za zamani. Lakini wako waliofariki bila kumwambia mtu walikoficha, na wako ambao habari iliwafikia benki ikiwa imeshafunga dirisha. Noti zilibaki kwenye nyasi za paa, zikala moshi mpaka zikawa na rangi ya chai. Mzee mmoja karibu na Karurumo alinitolea mbili kutoka kwenye kipande cha mwanzi.

"Unazipeleka wapi?" akauliza.

"Kwa Mmarekani."

"Atanunua nini nazo?"

"Hanunui kitu. Anaziangalia."

Mzee alifikiri kidogo. "Basi mwambie akichoka kuziangalia, nina jembe lililovunjika mpini. Nalo ni la zamani."

Kwa njia hiyo, bahasha kwa bahasha, nilifikisha noti saba za Marekani. Sita zilikuwa za kawaida, zimechakaa, nyingine imeshonwa katikati kwa uzi, kwani watu wa zama zile noti ikipasuka waliishona kama shati. Ya saba ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa ya koloni ya New Jersey, shilingi kumi na tano, ndogo kama kadi ya karata, yenye wino mweusi na mwekundu. Nyuma yake palikuwa na picha ya jani. Kwa kuipata nilimpelekea mwalimu wangu noti nne, nikangoja barua yake msimu mzima wa kahawa.

Sasa nieleze Jumapili yenyewe, ambayo ilikuwa ya mavuno. Nilikuwa nimelala Embu kwa kazi, na asubuhi nilikuja moja kwa moja mpaka kanisani, nikaingia ibada ikikaribia mwisho. Watu walikuwa wameshatoa. Mbele ya madhabahu palikuwa na mikungu ya ndizi, viazi, malenge, maharage meusi ya njahi kwenye debe, mayai kwenye sinia, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye alikuwa akiitikia "Amina" kabla ya wakati. Nje, kwenye mti, palikuwa na ndama dume.

Ibada ilipoisha, mzee wa kanisa aliyekuwa mweka hazina aliniita kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa amefanya kazi ya kupima kahawa kiwandani kwa miaka mingi, akizoea kutangaza uzito wa kila gunia ili mwenye gunia aliye nyuma kabisa asikie. Hata akinong'ona, alinong'ona hivyo.

"Mwandishi! Njoo hapa. Wewe unajua makaratasi. Hii ni nini?"

Alikuwa ameishika noti yangu ya jani kati ya vidole viwili.

Niliona bahasha ya kaki imechanwa mezani, na ndani yangu kitu kikachanika vilevile.

"Ni shilingi kumi na tano," nikasema.

"Za wapi?"

"Za Marekani."

"Marekani ni dola. Wacha kunichezea, nimetoka kuomba sasa hivi."

"Mzee, imetolewa na nani?"

"Na mama yako. Nimemwona kwa macho yangu akiiweka kwenye kikapu. Amerudi kwenye kiti akiimba."

Nilimwomba anipe hiyo karatasi, nami niweke pesa halisi mahali pake, pesa nzuri zinazokubalika benki. Akaniangalia kana kwamba nimemletea kahawa mbichi iliyochanganywa na mawe.

"Mwaka jana mtu alirudi kudai mbuzi wake, akasema ametolewa na mke bila yeye kujua. Tukamrudishia. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Hapana. Kilichopita kwenye kikapu kimepita. Hii siwezi kuipeleka benki, kwa hiyo itaenda mnadani pamoja na ndizi. Mnada ni wa kila mtu. Hata wewe una mkono, inua."

Nilitoka nje kumtafuta mama. Alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na wanawake wa rika lake, kitambaa cheupe kichwani, amependeza.

"Mama, umetoa nini leo?"

"Nimetoa ndizi zangu, na nimekutolea yako," akasema kwa sauti ya kutosha benchi lote. "Nimekuta bahasha yako kwenye droo, hiyo peke yake imefungwa vizuri. Nikajua uliiacha tayari, ukasahau kwa haraka ya safari. Nikaitikisa, haikulia. Nikasema, eh, mwaka huu mwanangu ametoa noti."

Wanawake wakanipongeza. Mmoja akasema heri mama anayemkumbukia mtoto wake sadaka. Mama akaweka mikono magotini kama mtu aliyemaliza kupalilia shamba lote.

Hapo ndipo nilipouona mtego ulivyokaa. Nikisema neno moja, ningeipata noti yangu, maana hata yule mpimaji kahawa asingeshindana na kosa lililo wazi. Lakini wenzake wangejua kwamba mama alitoa kwenye droo kitu asichokijua, na habari hiyo ingezungushwa kwenye kila kikombe cha uji mpaka mavuno mengine. Nikajibu, "Asante, mama," nikaenda kuhesabu kilichokuwa mfukoni. Mshahara haukuwa umefika.

Mnada ulianza uwanjani. Yule mzee alisimama juu ya kreti akiwa na sauti yake ya kiwandani. Kwetu mnada wa kanisa una adabu yake. Ukinunua kitu, watu wanapiga kelele, "Rudisha!" Ukiwa muungwana unalipa, kisha unakirudisha kiuzwe tena. Jogoo aliuzwa mara tatu namna hiyo, na kila mara alipopokewa na mkono mwingine alitukana kwa lugha yake.

Aliyewika kuliko jogoo alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka Ruiri. Alikuwa ameoa hapa Githongo, na Jumapili hiyo alikuja kuwatembelea wakwe, amevaa kofia ya ngozi na koti zito juani. Mkwe akiwa kwenye kanisa la wakwe zake hawezi kuonekana anashindwa. Ndama alimchukua yeye. Malenge akayachukua yeye. Debe la njahi alilinunua, akarudisha, akalinunua tena.

"Ndugu zangu," mzee akasema, "kuna hii." Akainua noti yangu kwa vidole vilevile vilivyokuwa vimemshika jogoo. Nilifumba macho. "Ni sadaka ya mama yetu yule. Ni shilingi kumi na tano za Marekani. Nani ataanza?"

Mtu nyuma akapaaza sauti, "Hiyo ni karatasi ya peremende!"

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Duka la kuitumia liko wapi? Mungu ataenda kuibadilisha Nairobi?"

Mama alikuwa amelegea kidogo pale kwenye benchi. Alivuta kitambaa chake mbele, kama jua limemwingia machoni, ingawa alikuwa kivulini.

"Mwandishi!" mzee akaita. "Wewe ndiye umesema ni ya Marekani. Njoo uwaeleze watu hii ni nini."

Nilikwenda mbele polepole, nikipima. Nikisema ni karatasi tu, ningeinunua kwa bei ya kabichi, na mama angebaki mwanamke aliyempa Mungu ganda la peremende. Nikisema kweli, bei ingepanda mpaka nisiifikie. Kwa miaka yangu yote ya kuandika habari sikuwahi kutamani uongo kama dakika ile. Kisha nikamwangalia tena mama, nikafungua mdomo, na kweli yote ikatoka.

Niliwaambia kwamba noti hiyo ni ya kabla ya Marekani kuwa Marekani. Nikawaambia watu wa huko walitawaliwa na Mwingereza, na walitumia shilingi.

"Shilingi kama yetu?" akauliza mwanamke mmoja.

"Shilingi kama yetu."

"Ai! Kumbe na hao walikatwa kodi!"

"Walikatwa, wakakasirika, wakapigana, wakapata uhuru. Noti hii ilichapishwa vita hivyo vikiwa vimeshaanza."

Kicheko kilikuwa kimeisha. Nikawaonyesha sahihi, majina ya watu waliotia mkono wao wenyewe kwa wino, noti moja baada ya nyingine, kama karani anayetia sahihi risiti za kiwanda chote. Nikawasomea onyo lililochapwa pale: kughushi ni kifo.

"Kifo kabisa?" akauliza mkwe wa Ruiri.

"Kitanzi."

"Hapa kwetu tungebaki wangapi?" akasema, na uwanja ukapasuka kwa kicheko, lakini safari hii kicheko kilikuwa upande wetu.

Nikaigeuza. "Na hili ni jani la kweli. Hakuna aliyelichora. Walichuma jani bustanini, wakapata alama yake kwenye bamba la metali, wakachapa. Kwa sababu gani? Mwizi anaweza kuiga maandishi. Anaweza kuiga picha ya mfalme. Lakini angalieni mishipa hii midogo. Ninyi ni wakulima. Mmewahi kuona majani mawili ya kahawa yenye mishipa sawasawa?"

Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja alichuma jani la kahawa ukingoni mwa uwanja, akaliinua juani akaliangalia kama analiona leo.

"Mimi naona ni miraa," akasema kijana wa nyuma.

"Ingekuwa miraa ingefika hapa?" akajibiwa. "Ingeliwa njiani."

Mwisho niliiinamisha noti kwenye mwanga. Ndani ya karatasi ile waliweka chembe za ulanga, vumbi la jiwe linalong'aa, ili isiigwe. Jua la saa saba likaipiga, na kipande kile cha karatasi kikametameta juu ya vichwa vya watu. Walioketi mbele wakasema "Iiii!" kwa pamoja. Mama aliondoa kitambaa machoni.

"Mia moja!" akaita mkwe wa Ruiri.

Nikainua mkono. "Mia moja na hamsini."

"Mbili!"

Watu wengine wakaingia: mwalimu mkuu, mwenye duka, kikundi cha vijana waliochangia kwa pamoja. Ilipita bei ya jogoo. Ilipita bei ya mkungu mkubwa. Mimi niliachwa nyuma mapema, nikabaki nikiangalia. Ilipoipita bei ya ndama, wanawake wa benchi la mama walisimama wote bila kukubaliana. Mkwe wa Ruiri akaongeza mara ya mwisho na hakuna aliyemfuata. Karatasi ya peremende ilikuwa imekwenda juu kuliko kitu chochote siku hiyo, na vigelegele vilipigwa mpaka yule jogoo akanyamaza.

"Rudisha!" watu wakaita. "Rudisha!"

Nilikuwa sijathubutu kutumaini. Mkwe alilipa, akavua kofia, akaishika noti juu.

"Mimi ni mkwe hapa," akasema. "Ndama amenitosha; mkwe haondoki na mali yote ya nyumbani kwa watu. Narudisha!"

Basi mnada ukaanza upya kutoka chini. Wengi walikuwa wameshatoa walichokuwa nacho, kwa hiyo tukabaki wawili. Nilikwenda kidogokidogo. Yeye naye, kwa mzaha na kwa sifa, alinifuata kila hatua.

"Mia tatu na themanini," nikasema. Hiyo ilikuwa yote. Mfukoni palibaki leso.

"Mia nne!" akasema. "Mwandishi, kesho uandike gazetini: mtu wa Ruiri alinishinda nyumbani kwetu!"

Mzee juu ya kreti akaanza kuhesabu. "Mia nne, mara ya kwanza! Mia nne, mara ya pili..."

"Naongeza."

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama.

"Unaongeza nini, mama?" mzee akauliza.

"Ile ya mwanangu, na kuku wangu juu yake."

"Kuku ni shilingi ngapi?"

"Ni yule wa kijivu anayetaga. Ukitaka bei, kamuulize."

Watu walicheka, na mkwe akacheka nao, mkono wake umeshaanza kupanda kwenda kuongeza. Kisha akaona ni nani aliyesimama, na ni nani aliyeketi kando yake. Kando ya mama alikuwa ameketi mama mkwe wa yule mchuuzi. Wawili hao walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu rika la mama mkwe ni mama mkwe. Kuna heshima ya ukwe, tunaiita nthoni, ambayo haimruhusu mwanamume hata kula mbele ya mama huyo, sembuse kushindana naye hadharani juu ya bei. Mkono ulisimama hewani. Ukashuka. Akaivua tena kofia ya ngozi na kuangalia viatu vyake.

"Ruiri!" mzee akamwita kwa uchokozi. "Unaongeza?"

"Mzee, unataka nirudishiwe mahari?"

Sijawahi kusikia uwanja wa kanisa ukicheka namna ile. Mchungaji mwenyewe aliegemea ukuta. Mzee akahesabu mara tatu upesi, akashuka kwenye kreti, akampelekea mama noti kwa mikono miwili.

"Rudisha!" wakajaribu vijana.

"Mimi ndiye nimetoa asubuhi," mama akawaambia. "Nimetoa, nimenunua, mnataka nitoe tena? Hata Mungu atauliza kama sina kazi nyumbani."

Nililipa, na kuku akaahidiwa kuletwa kabla ya giza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kupitia mashamba ya kahawa. Mama alikuwa ameishika noti ndani ya kitambaa chake na hakunipa mpaka tulipopita mteremko wa kwanza. Kisha akaninyooshea.

"Shika. Ni yako."

"Umenunua wewe, mama."

"Nasema ni yako. Nimejua ulipoanza kueleza habari ya jani. Mtu haongei hivyo juu ya kitu cha mwingine." Akatembea kidogo. "Ulikuwa unatoa jasho kama mtu anayeona ng'ombe wake akiuzwa. Mbona hukusema ni makosa yangu?"

"Ungesikia vibaya."

"Ningesikia vibaya," akakubali. "Na wale wanawake wangekula hiyo habari kuliko ndizi."

Niliifungua kiganjani. Kona moja ilikuwa na alama ndogo ya kidole, ya mzee au ya mkwe, sijui. Jani lilikuwa zima, mishipa yote mahali pake. Nimewahi kuulizwa na watu wanaojua mambo haya kama alama hiyo haipunguzi thamani. Inapunguza. Sijawahi kujaribu kuifuta.

"Wamesema imeshinda ndama," mama akasema.

"Imemshinda kabisa."

"Mara ya kwanza tu. Hatujahesabu ya pili."

"Ya kwanza pekee ilimtosha."

Alisimama katikati ya njia. Akaangalia nyuma, ambako wenzake walikuwa wanashuka mteremko wakiongea, mbali kidogo wasiweze kutusikia. Akaweka mkono kiunoni, akainua kichwa, akapiga vigelegele. Wanawake kule juu hawakujua ni vya nini. Wakavipokea hivyohivyo, wakavijibu, na vikateremka nasi mpaka nyumbani.